Hofu Iliyopakiwa Pamoja na Mizigo

Maandiko: Mwanzo 12:1–20, 13:1–4, 20:1–13

 

Alhamisi ya wiki hii familia moja ya kanisa letu inapanda ndege kwenda Uingereza. Mnawajua, kwa hiyo sitawataja kwa jina, maana karatasi hii hufika mbali. Mama ni muuguzi, amepata kazi katika hospitali ya huko. Baba anaenda naye, pamoja na watoto wao watatu. Tumeiombea safari hii tangu mwaka jana. Tulifunga. Kuna kesha moja ya Ijumaa tulilia hapa mpaka saa kumi alfajiri kwa ajili ya viza tu, na wiki iliyofuata ikatoka. Mungu ni mwema.

Lakini kuna jambo nimeliona kwetu sisi watu wa maombi. Tunafunga kwa ajili ya viza, na viza ikishatoka tunakula. Tunachanga nauli, tunapika pilau, tunaenda kupiga picha uwanja wa ndege, halafu tunarudi nyumbani tukisema Mungu ameshamaliza. Hebu leo tuongee juu ya yale yanayoanza ndege ikishatua. Nitaongea habari za Ibrahimu, na nitaongea kidogo habari zangu mwenyewe, ingawa upande wangu hauna sifa yoyote. Mke wangu amenipa ruhusa. Ameketi pale mbele. Mkiona nimepunguza mahali, muulizeni baada ya ibada.

Tufungue Mwanzo 12. Abramu ana miaka 75. Sarai ana miaka 65, kwa sababu walipishana miaka kumi. Wako Harani, mahali ambapo leo ni nchi ya Uturuki, karibu na mpaka wa Syria. Na Harani si kwao. Kwao ni Uru, mbali sana, kusini mwa nchi tunayoiita Iraki. Baba yake Tera ndiye aliyewatoa Uru akitaka kwenda Kanaani, wakafika Harani wakakaa, na mzee akafia hapo. Kwa hiyo huyu mtu tayari alikuwa mgeni kabla Mungu hajamwambia ahame. Sasa anaambiwa aondoke tena, aende nchi ambayo ataonyeshwa. Hajaonyeshwa. Ataonyeshwa. Na akaenda.

Sisi wahubiri tukifika hapo huwa tunapiga makofi. Anafika Shekemu, anajenga madhabahu. Anasogea karibu na Betheli, anajenga nyingine. Haleluya! Halafu tunafunga Biblia kwenye mstari wa 9 na tunaita watu wanaotaka kuhama waje mbele waombewe.

Mstari wa 10 unasema kulikuwa na njaa katika nchi ile.

Tafadhali tulia hapo kidogo. Ni nchi gani? Ni ile ile aliyoitiwa. Hakupotea njia. Hakutenda dhambi njiani. Alitii, akafika mahali penyewe Mungu alipomwambia, na chakula hakuna. Kanaani ilikuwa nchi ya kungojea mvua, na alikuwa amesogea kusini kule Negebu ambako hata mwaka mzuri mvua ni kidogo. Misri wao walikuwa na mto Nili, hawakungojea mawingu. Ndiyo maana kila mara kulipokuwa na ukame Kanaani watu walitelemka Misri, na baadaye wana wa Yakobo watafanya vivyo hivyo.

Wako wahubiri wanaosema Abramu alikosea kwenda Misri, eti angekaa afe njaa kwa imani. Mimi simlaumu. Mtu ana mke, ana mpwa, ana watumishi na mifugo, na mvua imekataa. Kwenda kutafuta chakula si dhambi. Kosa lake lilikuwa mpakani. Walipokaribia kuingia Misri alimgeukia mkewe akamwambia, kwa maneno mengine, wewe ni mrembo, hawa watu wataniua wakuchukue, kwa hiyo sema wewe ni dada yangu ili mimi nipone. Na Sarai akachukuliwa nyumbani kwa Farao. Abramu akapewa kondoo, ng'ombe, punda, watumishi na ngamia. Alitajirika, jamani. Kama angetuma picha kwa watu wa Harani, wangesema Mungu amemfungulia milango.

Kwa miaka mingi nilidhani lile wazo lilimjia ghafla pale mpakani, hofu ikamshika akateleza. Lakini nenda Mwanzo 20. Miaka mingi imepita, sasa yuko Gerari, na amefanya jambo lile lile kwa mfalme Abimeleki. Mfalme anamuuliza, uliona nini hata ukafanya hivi? Na katika mstari wa 13 mzee anafungua moyo. Anasema kwamba tangu ile siku Mungu alipomtoa katika nyumba ya baba yake, alimwomba Sara amfanyie wema huu: kila mahali tutakapofika, sema mimi ni ndugu yako.

Mmeona? Tangu siku ile ya kutoka. Ile asubuhi tunayoihubiri, ile ya imani kubwa, wakati wanafunga mahema na kupakia punda, mzee tayari alikuwa amepakia na kitu kingine. Alikuwa amemwamini Mungu juu ya nchi, juu ya uzao, juu ya baraka za mataifa yote. Juu ya ngozi yake mwenyewe hakumwamini. Sehemu hiyo alimpa mkewe aibebe.

Nilisoma mstari huo kwa mara ya kwanza, yaani kuusoma na kuuelewa, nikiwa Juba mwaka wa 2012, nimekaa kitandani na tochi ya simu. Niwaeleze nilifikaje hapo.

Mwaka wa 2011 sikuwa mchungaji. Nilikuwa shemasi katika kanisa lingine, nina duka dogo la vifaa vya ujenzi. Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ameajiriwa na serikali, ana mshahara wa kila mwezi na pensheni inamngoja. Tarehe 9 Julai mwaka ule Sudan Kusini ikapata uhuru. Wale wa umri wangu mnakumbuka moto wa wakati huo. Kila Mkenya mwenye lori au duka alikuwa akiota Juba. Benki zetu zilikuwa kule tayari. Walikuwa wanajenga kila kitu upya, ofisi, hoteli, nyumba. Nikasema, kama wanajenga watahitaji mabati, misumari na simiti. Huo ndio ufunuo wote niliokuwa nao. Lakini Jumapili nilisimama kanisani nikashuhudia kwamba Mungu amenena nami.

Sisemi hakunena. Mpaka leo sina hakika. Ninachojua ni kwamba mimi niliongea zaidi yake.

Mke wangu hakutaka kwenda. Aliniuliza maswali mawili jikoni, akiwa anachambua mchele: watoto watasoma wapi, na mambo yakiharibika tutarudi vipi? Yalikuwa maswali mazuri. Nilimjibu kwa maandiko. Nilimwambia asiwe kama mke wa Lutu. Yeye akanyamaza, akaandika barua ya kuacha kazi. Kanisa likatuita mbele, wazee wakatuwekea mikono, wakaniombea mimi nipanue mipaka. Hakuna mtu hata mmoja aliyemuuliza mama, wewe unaonaje? Siwalaumu wazee wale, walikuwa watu wa Mungu. Lakini mimi leo ni mchungaji, na niliweka nadhiri kwamba familia yoyote ikija kwangu kuombewa safari, nitauliza kila mmoja.

Tulisafiri Agosti kwa basi, Kampala, Gulu, mpaka Nimule. Kijana wetu alikuwa na miaka sita, dada yake mitatu. Kutoka Nimule kwenda Juba ni kilomita 192, na wakati huo lami ilikuwa bado haijaisha, iliisha mwaka uliofuata. Tuliingia Juba tukiwa na rangi moja sisi sote, rangi ya vumbi.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri. Nilipata duka karibu na soko la Konyo Konyo, na simiti ilikuwa inaisha kabla lori halijamaliza kushushwa. Nilituma pesa nyumbani, nilituma na zaka. Halafu Januari 2012 serikali ya kule ikafunga visima vya mafuta. Walikuwa wanabishana na Khartoum juu ya ada ya kupitisha mafuta kwa bomba la Sudan mpaka baharini, hawakuelewana, wakafunga kabisa. Na karibu mapato yote ya serikali yalitoka kwa mafuta hayo. Mimi muuza misumari nilisikia habari hiyo kwa redio nikaona hainihusu. Ilinihusu kufikia Machi. Serikali haikulipa makandarasi, makandarasi hawakunilipa mimi. Walikuwa wamebeba mali kwa deni, na kila nikienda kuwaona neno ni moja tu, gurush mafi. Pesa hakuna. Ukikaa Juba wiki moja neno hilo utalijua hata kama hujui Kiarabu chao.

Na mimi nilikuwa nimechukua mali kwa deni. Kulikuwa na mzee mmoja, mwenyeji wa Yei, aliyeniletea simiti kwa lori kutoka upande wa Uganda. Mtu mpole. Miaka ya vita yao alikuwa ameishi ukimbizini Uganda na hapa Kenya, Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nilikuwa na deni lake la dola 3,800. Alingoja mwezi, alingoja wa pili. Akaanza kupiga simu, nikaanza kutopokea.

Nyumbani sikusema neno. Mke wangu akiniuliza biashara inaendaje, namwambia Mungu yuko kazini. Ni kweli Mungu alikuwa kazini. Mimi ndiye sikuwa na kazi. Nilitoka kila asubuhi na shati limepigwa pasi, nikaenda kukaa kwa duka lisilo na kitu mpaka jioni.

Jumamosi moja nilikuwa nyumbani nikasikia pikipiki ya yule mzee nje. Naijua sauti yake. Niliingia chumbani nikamwambia mke wangu, kwa sauti ya chini, "Mwambie nimeenda Nairobi." Aliniangalia. Si kwa hasira, aliniangalia tu. Akatoka. Nikasikia akimkaribisha, akimpa maji ya kunywa, halafu nikasikia mke wangu, mwalimu wa shule, mwanamke ambaye tangu nimwoe sijawahi kumpata na uongo, akisema, "Mzee ameenda Nairobi."

Na kijana wetu wa miaka sita, ambaye mwalimu huyo huyo alikuwa amemfundisha kwamba mtoto wa Mungu hasemi uongo, akasema, "Hapana mama. Baba yuko chumbani, amekaa kwa kitanda."

Mnacheka. Sasa hata mimi nacheka. Siku ile nilitamani ile sakafu inimeze.

Yule mzee hakuinua sauti. Alimaliza maji yake. Akasema, na nadhani alisema kwa nguvu kidogo ili nisikie, "Mama, mwambie mzee deni si kifo. Lakini asikutume wewe tena." Akawasha pikipiki akaenda.

Farao alimwambia Abramu jambo kama hilo. Abimeleki alimwambia. Ni jambo la kuaibisha, na Biblia haikulificha: katika habari zote mbili anayesema kweli ni yule asiyemjua Mungu wa Abramu, na mtu wa Mungu ndiye ameinamisha kichwa.

Usiku ule stima haikuwepo, jirani alikuwa amezima jenereta, na sikuwa na uso wa kumtazama mtu. Nikawasha tochi ya simu nikafungua Biblia kwa sababu sikujua kingine cha kufanya na macho yangu. Nikasoma Mwanzo 12, nikaruka mpaka 20, nikafika mstari ule wa 13. Kila mahali tutakapofika, sema. Nikaona duka langu, nikaona ile Jumapili ya ushuhuda, nikaona barua ya mke wangu ya kuacha kazi. Nikamwambia, "Mama watoto, nina deni." Nikataja kiasi.

Akasema, "Nalijua tangu Aprili. Kitabu chako cha madeni nilikiona. Nilikuwa namwomba Mungu akupe mdomo."

Miezi mitatu alikuwa anabeba jambo hilo peke yake, nami nikijiona ninamkinga.

Kuna kitu kidogo katika sura ya 12 ambacho nataka akina mama mkione, na akina baba tukione zaidi. Mstari wa 17 unasema Bwana aliipiga nyumba ya Farao kwa mapigo kwa ajili ya Sarai, na unamtaja kwa cheo chake: mke wa Abramu. Mumewe amesema ni dada. Wakuu wa Farao wamesema ni mwanamke mzuri. Yeye mwenyewe hatusikii akisema neno lolote katika sura nzima. Mungu ndiye anayemtambua kama mke. Ile ahadi aliyopewa Abramu kule Harani ilikuwa hatarini katika nyumba ya Farao, na aliyekwenda kuikomboa si mwenye ahadi. Ni Mwenyezi mwenyewe. Kwa hiyo ukiniuliza kama Mungu anaweza kuaminiwa katika nchi ya kigeni, mimi sitakuonyesha Abramu anavyopanda milima na madhabahu zake. Nitakuonyesha usiku ule Misri, Abramu akiwa hemani na ngamia wake wapya, na Mungu akiwa mlangoni kwa Farao akimtetea mama ambaye hakuwa na mtetezi.

Na kulikuwa na gharama, msidhani hakukuwa. Sara alikuwa na mjakazi jina lake Hajiri, na Biblia inatuambia alikuwa Mmisri. Haituambii walimpata wapi. Inatuambia tu kwamba Abramu alipewa wajakazi Misri. Mnajua huzuni iliyotokea baadaye katika nyumba ile. Halafu nenda sura ya 26. Isaka amekua, ameoa Rebeka, njaa imekuja tena, amekwenda Gerari, na watu wakimuuliza habari za mkewe anasema ni dada yangu. Isaka hakuwako Misri! Hakuwa amezaliwa hata wakati wa habari ya Abimeleki. Aliupata wapi uongo huo neno kwa neno? Mimi nina mtoto aliyenisikia chumbani, kwa hiyo swali hilo sihitaji mtu anijibu.

Sura ya 13 inasema Abramu alitoka Misri akasafiri kwa vituo mpaka Betheli, mahali hema yake ilipokuwa hapo kwanza, penye madhabahu aliyoifanya, akaliitia jina la Bwana. Misri hatusomi madhabahu yoyote. Sisi hatukuwa na Betheli ya kurudi, nauli haikuwepo. Tulichofanya ni hiki: kila jioni baada ya chakula, kile kitabu cha madeni kinawekwa mezani, kila mtu anasema ukweli wa siku yake, hata watoto, halafu tunaomba. Nisiwadanganye kwamba ilikuwa tamu. Kuna jioni nyingine tuligombana mpaka maombi yakaahirishwa. Kuna jioni nilisema ukweli wote isipokuwa dola hamsini, nikaulizwa na hizo hamsini.

Wiki ile ile nilimpeleka mke wangu kwa yule mzee wa Yei, nikasema mbele yake kwamba nilijificha. Akasema anajua, mtoto alimwambia. Tukapanga kulipa kidogo kidogo. Na aliyelipa ni nani? Nchi ile ilikuwa imefanya Kiingereza kuwa lugha ya serikali na ya shule, na waalimu wa Kiingereza walikuwa wachache mno. Mke wangu alitembelea shule tatu, ya tatu ikamwajiri. Alikuwa na uwezo huo tangu siku tuliyoshuka basi. Mimi nilikuwa sijamuuliza. Deni la dola 3,800 liliisha Oktoba 2013, na sehemu kubwa ilitoka kwa chaki.

Ningependa ushuhuda uishie hapo, tuimbe. Lakini usiku wa Jumapili, tarehe 15 Desemba mwaka ule ule, vita vikaanza Juba. Tulilala sakafuni usiku mbili, watoto katikati, magodoro yameegemezwa kwa madirisha. Kijana wetu alikuwa na miaka minane sasa. Gizani akaniuliza, "Baba, unaogopa?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari na jibu la zamani. Baba haogopi, Mungu yuko kazini. Nikamwambia, "Ndiyo. Naogopa sana."

"Na Mungu?"

"Yuko hapa na sisi. Na mimi naogopa."

Akasema sawa. Akasogea akaweka mgongo wake kwa tumbo langu, akalala. Mimi sikulala, lakini nawaambia wapendwa, katika miaka miwili na zaidi ya kukaa Juba, hiyo ndiyo saa niliyomwamini Mungu.

Tulitoka kwa basi kupitia Nimule, mabegi matatu. Duka lilibaki na kila kilichokuwa ndani. Yule mzee nimempigia simu mara nyingi, mwaka ule na miaka iliyofuata. Haipatikani. Watu wa Yei waliteseka sana vita vilipowafikia, na sijui kama yuko hai. Jina lake liko katika daftari la maombi la nyumba yetu mpaka leo.

Sasa nirudi kwa hawa ndugu zetu. Jumatano walikuja ofisini, wote watano. Niliwaomba ruhusa niseme hapa yale yaliyosemwa, wakakubali. Nilimuuliza kila mmoja, unaogopa nini? Baba alicheka, akasema yeye haogopi, Mungu ndiye ameitisha safari. Nikamngoja. Kuna ukimya mchungaji akiuvumilia dakika mbili hivi, huzaa. Akasema, "Mchungaji, hapa mimi ndiye natia sahihi kila kitu. Kule viza yangu imeandikwa chini ya kazi yake. Nikifika nitakuwa nani?" Mkewe alikuwa hajawahi kusikia maneno hayo. Alidhani mumewe amechoka tu, kwa sababu amekuwa mkali nyumbani tangu viza ilipotoka. Na yeye mama akasema anaogopa kushindwa kazini, maana nyumba nzima itakuwa imeegemea mtihani wake na zamu zake, na hakuna mahali pa kusema hivyo kwa sababu kila mtu anamwita shujaa.

Binti wao mkubwa, miaka kumi na miwili, alisema anaogopa nyanya yake atakufa wakati wao wako huko.

Nilikuwa na andiko. Sikulitumia. Nilimwambia, anaweza kufa, ndiyo. Akalia, na baba yake akalia, kwa sababu ni mama yake anayezungumziwa, na yeye pia alikuwa analifikiria kila usiku na hakumwambia mtu. Wakakubaliana kabla ya Alhamisi waende wote wakalale kwa nyanya siku mbili, badala ya ile sherehe tuliyokuwa tumepanga ukumbini. Kwa hiyo wale mliochangia chakula, kamati itawatafuta. Msinikasirikie.

Najua wengine hapa hamkupata nafasi ya kwenda na familia. Kuna mama ambaye yuko Saudia na watoto wako kwa bibi yao. Kuna waliokwenda Uingereza kutunza wazee, na Machi 2024 sheria ya kule ilianza kuwakataza walioingia kwa kazi hiyo kuchukua watoto au mwenzi. Kwenu meza ile ya jioni ni simu. Naomba muitumie kwa zaidi ya kuuliza kama pesa zimefika. Mwambie mumeo kwamba tajiri wako hakukulipa mwezi huu. Mwambie mkeo kwamba mtoto ameanza kutoroka shule. Mnafichana ili msihuzunishane, najua, nilifanya hivyo nikiwa nalala kitanda kimoja na mke wangu.

Familia njooni mbele. Mama, baba, watoto, na nyanya pia aje, mleteeni kiti. Wazee, leo hatutawawekea mikono kwanza. Shikaneni mikono ninyi wenyewe, na kila mmoja amwambie Mungu jambo moja alilokuwa hajamwambia mwenzake. Kwa sauti ya kusikika, hata kama ni dogo. Kanisa tutanyamaza. Mkimaliza nitaomba.

Baba yetu, uliyemlinda Sara katika nyumba ya Farao, nenda na hawa. Baridi ya huko hawaijui, wavalishe. Mama akiwa kazini usiku, kaa naye wadini. Baba akiamka asubuhi hana pa kwenda, mwite jina lake. Watoto wakichekwa shuleni kwa jinsi wanavyozungumza, wawe na mahali pa kuja kulisema jioni. Mhifadhi nyanya. Na kama utamchukua, Bwana, tupe sisi wa hapa nguvu ya kukaa mahali pao. Wakumbuke walio peke yao nchi za mbali usiku huu. Mkumbuke na yule mzee, popote alipo. Katika jina la Yesu. Amina.